Umevunja jeni ya hamira na majibu hayaeleweki: tatizo liko wapi?

Ukivunja jeni ya kimeng'enya kisicho na ndugu, hamira hukujibu waziwazi: kazi ile imekoma, au hamira imekufa. Shida ni kwamba vimeng'enya vingi vya umetaboli katika Saccharomyces cerevisiae, hamira ile ile ya mkate, huishi kwa familia. Malati dihaidrojenasi ziko tatu (MDH1, MDH2, MDH3). Sitrati sintasi tatu (CIT1, CIT2, CIT3). Piruvati dikaboksilasi tatu (PDC1, PDC5, PDC6). Vinavyotia fosfati kwenye glukosi navyo ni vitatu: HXK1, HXK2 na GLK1. Baadhi ya ndugu hawa ni mabaki ya tukio la takriban miaka milioni 100 iliyopita, pale jenomu nzima ya mababu wa hamira hii ilipojirudufu. Ukimtoa mmoja, mwenzake anaweza kushika nafasi yake, au asishike, au ashike kwa chakula fulani tu.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, jinsi watu wanavyozieleza wanapokwama. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi inatangulia. Usiruke vipimo vidogo vya mwanzo. Watu wamepoteza miezi wakitafuta siri ya kimeng'enya, kumbe kasoro ilikuwa kwenye hamira waliyoishika mkononi.

Dalili: hakuna koloni hata moja

Anza na sahani za kulinganishia. Zinatakiwa mbili: moja ya seli zilizopewa plasmidi nzima (kiduara cha DNA) yenye alama ya kuchagulia ile ile iliyo kwenye kaseti yako, yaani kipande cha DNA kinachochukua nafasi ya jeni, nyingine ya seli zilizopitia hatua zote kisha zikapandwa pasipo dawa wala upungufu wowote. Plasmidi ikitoa koloni mamia na kaseti yako isitoe kitu, seli na kemikali ni nzima. Rudi kwenye DNA yako. Plasmidi nayo ikikataa, achana na kaseti kwanza.

Kwenye seli, kosa la kawaida ni kutumia zilizokwisha kushiba. Zilizokesha usiku kucha zichanganye na chakula kipya asubuhi, zigawanyike angalau mara mbili, ndipo uzivune. Halafu kagua DNA ya kusindikiza: ichemshwe dakika 5 na kutiwa kwenye barafu papo hapo. Kisha PEG 3350, kemikali inayosaidia DNA kuingia kwenye seli. Myeyusho wa asilimia 50 ukikaa kwenye chupa isiyofungwa vizuri hupoteza maji, na tofauti ndogo tu ya ukali hupunguza koloni vibaya. Joto liwe nyuzi 42 za Selsiasi, dakika 40 hivi kwa koo nyingi za maabara.

Ukichagua kwa dawa, seli zinahitaji muda wa kutengeneza protini ya kujikinga kabla hazijakutana na dawa yenyewe. Kwa kanMX, kaseti inayotumika tangu mwaka 1994, ziache kwenye YPD ya maji (chakula kamili chenye dondoo la hamira, peptoni na glukosi) saa 2 hadi 4 kabla ya kuzipanda kwenye dawa yake, G418, ya miligramu 200 kwa lita.

Kwa kaseti iliyotengenezwa kwa PCR (njia ya kunakili DNA), mikono, yaani ncha zinazofanana na kromosomu, ya besi 40 hadi 50 kila upande huwatosha S288C, ukoo wa kawaida wa maabara, na jamaa zake. Koo nyingine hudai mikono ya mamia ya besi.

Sababu ya mwisho ni adimu, ila ndiyo inayofundisha zaidi: huenda jeni hiyo haiwezi kukosekana kwenye chakula ulichoweka. Mfano mzuri ni asetili-CoA sintetasi, ambazo ni mbili. ACS1 huzimwa na glukosi, kwa hiyo kwenye glukosi kazi yote inamwangukia ACS2. Vunja ACS2 kwenye haploidi (seli yenye seti moja ya kromosomu), panda kwenye glukosi, na sahani itabaki tupu daima hata ungekuwa fundi namna gani. Chagulia kwenye ethanoli, au vunja nakala moja kwenye diploidi (yenye seti mbili) kisha utazame spora, yaani watoto wake wenye seti moja.

ONYO: Higromaisini B na nourseothricin, dawa nyingine za kuchagulia, ni sumu. Unga wake upimwe ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa na glavu na miwani. Ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi mara moja na uende kwa daktari siku hiyo hiyo.

Dalili: sahani imejaa utando wa koloni ndogondogo

Shika sahani ya G418 ya siku ya pili, iinamishe kuelekea mwanga. Utaona ukungu mwembamba kama pumzi kwenye kioo, na ndani yake vidoti vichache vilivyoinuka, vyenye ukingo mkali. Ukungu ni seli zilizogawanyika mara moja au mbili kabla dawa haijaziua. Vidoti ndivyo unavyovitaka. Hamishia sahani nzima kwenye sahani mpya ya G418 kwa kitambaa cha kunakilia, na kesho yake ukungu utakuwa umepotea.

Usipopotea, uliza mambo mawili. Je, dawa ilitiwa agari ikiwa moto mno? Je, chakula kina amonia salfati? G418 hudhoofika sana ndani ya chakula hicho. Tumia glutamati kama chanzo cha nitrojeni.

Dalili: PCR inaonyesha jeni nzima na jeni iliyovunjika kwa pamoja

Mara nyingi koloni uliyochukua ni mchanganyiko. Itandaze upya upate koloni moja moja, rudia PCR kwa koloni 6 au zaidi. Nusu ya malalamiko ya aina hii huishia hapo.

Yasipoisha, shuku praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR. Kwa familia hizi jambo hili ni zito, kwa sababu jeni za ndugu hufanana sana. TDH2 na TDH3 zinakaribia kuwa nakala. Praima iliyokaa ndani ya jeni inaweza kusoma ya ndugu na kukuambia kwamba ya kwako bado ipo. Weka praima moja nje kabisa ya mkono wa kaseti, kwenye DNA ya jirani isiyofanana na kitu kingine, na nyingine ndani ya alama. Fanya hivyo kwa pande zote mbili. Kisha hakikisha kipande cha jeni nzima hakitoki tena. Majibu matatu, na yote matatu yakubaliane.

Kuna kosa jingine la jamii hiyo hiyo. Rodney Rothstein alipoeleza mwaka 1983 njia ya kuvunja jeni kwa hatua moja, msingi wake ulikuwa kwamba ncha za DNA iliyokatwa hutafuta mahali panapofanana nazo kwenye kromosomu. Ndugu akifanana nazo vya kutosha, kaseti huenda kwake. Kwa hiyo mikono ichorwe kutoka maeneo ya nje ya jeni, kabla ya mwanzo na baada ya mwisho wake, ambako ndugu hutofautiana.

Sababu ya tatu: seli ina kromosomu ya ziada. Hamira iliyolemewa na upotevu wa jeni wakati mwingine huokoka kwa kubeba nakala mbili za kromosomu yenye ndugu wa jeni hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta karibu asilimia 8 ya koo 290 za jeni zilizofutwa zikiwa na kasoro ya idadi ya kromosomu, nzima au kipande. Basi isikushangaze.

ACHA HAPA ukimbilie mwenye ujuzi: ikiwa koloni tatu zilizopatikana kwa majaribio tofauti zote zina mikanda miwili ya PCR, wa jeni nzima na wa jeni iliyovunjika, usiendelee kubahatisha na praima. Mtu wa saitometria ya mtiririko apime kiasi cha DNA kwa seli, au jenomu nzima isomwe.

Dalili: jeni imetoka kweli, na hamira haijali

Hapa ndipo watu huandika daftarini "haina kazi", na ndipo wanapokosea. Ukimya wa hamira kwenye YPD unakuambia kuhusu YPD. Haukuambii kuhusu kimeng'enya.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni chakula. Chukua ndugu watatu wa malati dihaidrojenasi. Wote hufanya mmenyuko mmoja, kugeuza malati kuwa oksaloasetati na kurudi. Wanachotofautiana ni nyumba wanazoishi: Mdh1 (protini ya jeni MDH1) yuko kwenye mitokondria, Mdh2 kwenye saitoplazimu, Mdh3 kwenye peroksisomu. Kwenye glukosi, vunja yeyote kati yao na hamira itaota. Hamishia asetati, mdh1 (herufi ndogo: hamira iliyopoteza jeni hiyo) anashindwa. Kwenye chakula cha madini matupu chenye asetati au ethanoli, mdh2 naye anakwama, maana seli inajenga sukari kuanzia vipande vya kaboni mbili na inahitaji oksaloasetati nje ya mitokondria. Mdh3 anaonekana umuhimu wake ukimpa hamira asidi ya mafuta kama oleati, kwa sababu uchomaji wa mafuta hufanyika ndani ya peroksisomu na NADH (kibebaji cha elektroni) inayozaliwa humo lazima irudishwe kuwa NAD humo humo.

Ushahidi kwamba nyumba ndiyo tofauti kubwa ulipatikana mwaka 1995. Watafiti waliondoa asidi amino tatu za mwisho za Mdh3, serini, lisini na lusini, ambazo ni kama anwani ya peroksisomu. Kimeng'enya kikabaki kwenye saitoplazimu, na huko kikaweza kufanya kazi za Mdh2. Mimi hurudi kwenye jaribio hilo kila mara mtu anaponiambia kwamba ndugu wawili "ni kitu kimoja". Kwa mmenyuko, ndiyo. Kwa seli, hapana.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni rahisi na cha bei ndogo. Punguza seli mara kumi kumi, hatua tano, dondoshea mikrolita 5 za kila hatua kwenye sahani za glukosi, gliseroli, ethanoli, asetati na oleati. Weka mzazi wake (hamira ambayo jeni haijavunjwa) kwenye sahani hiyo hiyo, kando yake. Nyuzi 30. Tazama siku ya 2, ya 4 na ya 6, usitazame siku moja tu. Chakula kisichochachuka huotesha polepole, na tofauti nyingi huonekana kama kuchelewa.

Sababu ya pili: chakula kinaficha upungufu. Ukivunja CIT1 na CIT2 pamoja, hamira hushindwa kujitengenezea glutamati. Lakini YPD imejaa glutamati kutoka kwenye peptoni na dondoo la hamira, kwa hiyo huoni kitu. Vivyo hivyo kwa aliyepoteza IDH na IDP1, vimeng'enya vya isositrati dihaidrojenasi, kwa pamoja. Daima weka sahani ya madini yenye glutamati na isiyo nayo. Na angalia madai ya mzazi mwenyewe: BY4741, mzazi anayetumika sana maabara, anahitaji histidini, lusini, methionini na urasili. Ukisahau mojawapo utadhani umegundua jambo.

Sababu ya tatu ni ndugu kupandishwa. PDC ndiyo mfano ulio wazi. Kwa kawaida Pdc1 hufanya kazi kubwa na Pdc5 yuko chini sana. Futa PDC1, na seli huwasha PDC5 kwa nguvu mpaka sehemu kubwa ya kazi inarudi. Ukiishia hapo utasema PDC1 haina maana. Futa zote mbili, uchachu unazimika na hamira inaota kwa shida kubwa kwenye glukosi, ingawa PDC6 bado ipo. Kipimo chake ni kupima RNA au protini za ndugu waliobaki ndani ya seli zilizovunjwa. Usitegemee viwango vya mzazi.

Sababu ya nne: ndugu waliobaki walikuwa wanatosha tangu mwanzo. Kwa TDH (gliseraldehidi-3-fosfati dihaidrojenasi, kimeng'enya cha njia ya kuvunja sukari), vipimo vya mwaka 1985 viliweka mchango wa Tdh3 kwenye asilimia 50 hadi 60 ya kazi yote, Tdh2 asilimia 25 hadi 30, Tdh1 asilimia 10 hadi 15. Ondoa yeyote mmoja, maisha yanaendelea. Ondoa Tdh2 na Tdh3, seli haiishi. Kwa heksokinasi picha ni nzuri zaidi, kwa sababu sukari mbili zinawatenganisha: hxk1 hxk2 hashindwi na glukosi, kwa kuwa Glk1 yupo, lakini fruktosi inamshinda. Ongeza glk1, glukosi nayo inamshinda, huku galaktosi ikibaki sawa.

Sababu ya tano ndiyo ngumu kuliko zote: njia nyingine kabisa, isiyo ya ndugu, inaziba pengo. NADPH ya saitoplazimu (kibebaji cha elektroni kinachotumika kujenga molekuli) hutoka kwa Zwf1, Ald6 na Idp2, vimeng'enya vya familia tatu tofauti. Kuvunja IDP2 peke yake hakuonyeshi mengi. Kuvunja ZWF1 kunadai methionini. ZWF1 na ALD6 pamoja, hamira haivumilii. Kwa hiyo unapochora orodha ya "ndugu", chora ya vimeng'enya vinavyofanana kwa umbo, kisha chora ya pili ya vinavyotoa zao lile lile.

Dalili: kazi ya kimeng'enya bado inaonekana kwenye dondoo

Spektrofotomita haijui majina. Ukipima malati dihaidrojenasi kwa kutazama NADH ikipungua kwenye nanomita 340, unapima ndugu wote waliomwagika ndani ya dondoo. Kwanza pima bila oksaloasetati, kwa sababu vimeng'enya vingine navyo huchoma NADH. Toa kiasi hicho. Kilichobaki ndicho cha familia.

Halafu kagua ulivuna seli lini. Mdh2 huharibiwa haraka seli iliyokuwa kwenye asetati au ethanoli inapopewa glukosi, wakati Mdh3 haathiriki hivyo. Ukiosha seli kwa myeyusho wenye glukosi, au ukichelewa mezani, utapata jibu la uongo kuhusu Mdh2. Vuna haraka, weka kwenye barafu, vunja seli kwa shanga za glasi hapo hapo. Kujua kazi iliyobaki iko kwenye sehemu gani ya seli kunadai kutenganisha mitokondria na peroksisomu kwa sentrifuji ya mteremko wa msongamano. Kama hujawahi kuifanya, mara ya kwanza simama na mtu aliyewahi.

ONYO: PMSF inayowekwa kuzuia protini zisiliwe ni sumu kali kwa macho na ngozi.

Dalili: hamira imekataa gliseroli kabisa

Kabla hujaandika lolote, hakikisha hamira yako si petiti, yaani seli iliyopoteza au kuharibu DNA ya mitokondria. Boris Ephrussi na wenzake walizieleza Ufaransa mwaka 1949, na bado zinatutesa. S288C na watoto wake huzizalisha mara nyingi kuliko koo nyingine nyingi, na kupasha seli joto wakati wa kuingiza DNA hakusaidii.

Haya yamenipata. Nilikuwa na mdh2 aliyekataa asetati, kama ilivyotarajiwa, na akakataa gliseroli pia. Nilifurahi, nikaanza kuchora njia mpya ya umetaboli. Wiki kadhaa baadaye nilikaa chini nikafuata kaboni kwa kidole: gliseroli huingia katikati ya glikolisisi (njia ya kuvunja glukosi), sukari hujengwa kutoka hapo, na hakuna hatua inayomdai Mdh2. Nikarudi kwenye sahani ya YPD ya mwanzo. Kati ya koloni pana, nyeupe, zenye unyevu, kulikuwa na moja ya ukubwa wa kichwa cha pini. Ndiyo niliyoichagua.

Vipimo kwa mpangilio:

1. Kila koloni mpya igusishe kwenye gliseroli siku hiyo hiyo unapoichagua. Chukua angalau koloni tatu za majaribio tofauti. Mmoja akikataa na wawili wakaota, jibu umelipata.
2. Rudisha jeni kwa plasmidi. Kilichosababishwa na jeni kitapona, petiti haitapona.
3. Mchumbie na petiti ya jinsia nyingine yenye jeni yako nzima. Diploidi ikiota kwenye gliseroli, mitokondria za hamira yako ni nzima. Isipoota, umeshika petiti.

Petiti haitibiki. Itupe, anza na mzazi aliyetoka kwenye sahani ya gliseroli. Na usiokoe hata data zake za vimeng'enya: seli yenye mitokondria mbovu huwasha CIT2 kupita kawaida, kwa hiyo uwiano wote wa ndugu umebadilika.

Dalili: umerudisha jeni na kasoro haijapona, au kasoro inafifia yenyewe

Isipopona, kaseti huenda imegusa jirani. Jeni za hamira zimebanana, na nyingine hugawana kipande cha kuwashia kimoja. Soma ramani ya pande zote mbili. Sababu inayofuata ni mutesheni nyingine iliyoingia njiani: mchumbie na mzazi, fanya spora, tenganisha makundi ya spora nne. Kasoro ikifuata alama 2 kwa 2 katika kila kundi, ni ya jeni yako. Ikitembea peke yake, si yake.

Ikififia, hamira inajitibu. Seli zilizokosa IDH huota vibaya kwenye gliseroli, na zinazopata nafuu zimewahi kukutwa na mutesheni ndani ya CIT1, yaani zimepunguza sitrati inayoingia kwenye njia iliyoziba. Ni habari tamu kwa utafiti, ila ni sumu kwa jaribio lako. Gandisha ukoo mpya kwenye nyuzi hasi 80 ndani ya gliseroli ya asilimia 15 hadi 25 siku unapouthibitisha, na kila jaribio lianzie kwenye friza, lisianzie kwenye sahani ya mwezi uliopita. Ukitaka kujua hasa kilichobadilika, usikisie jeni moja moja. Peleka jenomu ikasomwe pamoja na ya mzazi.

Dalili: mwenye mapengo mawili hapatikani kwenye spora

Hesabu kwanza. Kwa jeni mbili zisizo jirani, robo ya spora zinapaswa kukosa zote mbili. Ukitenganisha makundi 20 una spora 80, hivyo tarajia 20 hivi. Waliokufa wakiwa ni wale wale ambao alama za wenzao zinaonyesha walikuwa na mapengo mawili, na vifo vikikosekana kwingine, ni dalili ya kweli kwamba ndugu hao wawili hawawezi kukosekana kwa pamoja. Vifo vikitawanyika ovyo, diploidi yako ni mgonjwa au mkono wako wa kutenganisha bado ni mzito. Omba mtu mwenye uzoefu akutenganishie makundi 10 ulinganishe.

Kisha badilisha chakula cha kuchipushia. Spora za pdc1 pdc5 hazipaswi kuhukumiwa kwenye glukosi, zipe ethanoli. Za acs2 vilevile. Tumia darubini kuangalia spora zilizoonekana kufa: iliyochipua ikagawanyika mara tatu au nne kisha ikasimama imetumia kimeng'enya ilichorithi kwa mama hadi kikaisha, na hiyo si sawa na iliyobaki duara moja bila kuchipua. Andika idadi ya seli kwa kila moja kabla hujatupa sahani, kisha sahani ipite kwenye otoklevu, nyuzi 121, dakika 20.